Ubaguzi Unaomfuata Mama Mpaka Kitanda cha Uzazi

Ubaguzi wa rangi katika Marekani umeandikwa sana, na wasomaji wetu wanazijua habari za mabasi, za shule, za masanduku ya kura na za risasi za polisi. Leo twapenda kuuzungumzia ubaguzi wa namna nyingine, ambao haukubandikiwa kibao mlangoni wala hautajwi na sheria yo yote ya nchi ile, lakini unaua. Ni ubaguzi unaomfuata mwanamke mweusi mpaka kwenye kitanda anachojifungulia.

Tuanze na hesabu. Kwa takwimu za serikali ya Marekani yenyewe, mwaka 2023, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai na akina mama Weusi, mama 50.3 walifariki kwa sababu za uzazi. Kwa akina mama Weupe hesabu ilikuwa 14.5. Mwaka 2021, ugonjwa wa Korona ulipokuwa umepamba moto, hesabu hizo zilikuwa 69.9 na 26.6. Twafurahi kwamba vifo vimepungua kwa wote. Lakini msomaji na apige hesabu mwenyewe: mwaka 2021 hatari ya kifo kwa mama Mweusi ilikuwa zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya mwenzake Mweupe, mwaka 2023 ilikaribia mara tatu na nusu. Nafuu ilipokuja, haikugawanywa sawa. Watoto nao hawakusalimika. Mwaka 2022, katika kila watoto Weusi 1,000 waliozaliwa, karibu 11 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja; kwa watoto Weupe hawakufika watano.

Wapo wataalamu waliosema kwamba hesabu za vifo vya akina mama zimezidishwa na namna vyeti vya vifo vinavyojazwa. Tangu mwaka 2003 vyeti hivyo viliongezwa kisanduku cha kuonyesha kama marehemu alikuwa mja mzito, na kisanduku hicho mara nyingine hutiwa alama kwa makosa. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuna sababu ya kuificha. Lakini wataalamu hao hao, walipohesabu upya mwaka 2024 bila ya kukitegemea kisanduku, waliziona hesabu zikishuka ila hawakuliona pengo la rangi likitoweka. Tena, kamati za majimbo ambazo huchungua kifo kimoja baada ya kingine ziliamua kwamba, katika vifo vya uzazi vya miaka ya 2017 mpaka 2019, zaidi ya 80 katika kila 100 vingeweza kuzuiwa. Basi si kudura. Ni kazi ya mikono ya watu, na mikono ya watu yaweza kuirekebisha.

Je, ni nini chanzo cha jambo hili? Jibu linalotolewa upesi ni umaskini. Husemwa kwamba Weusi wengi ni maskini, na maskini po pote duniani huugua na kufa kuliko tajiri. Umaskini ni adui wa kweli, wala hatutaki kumtetea. Walakini, uchunguzi uliofanywa katika jimbo la California na kutolewa mwaka 2022, uliolinganisha kumbukumbu za uzazi na kumbukumbu za kodi ya mapato, uliona jambo la kushangaza: watoto wa akina mama Weusi waliokuwa matajiri kabisa walizaliwa katika hali mbaya zaidi kuliko watoto wa akina mama Weupe waliokuwa maskini kabisa. Fedha inayomkinga Mweupe haimkingi Mweusi kwa kiasi kile kile.

Dunia nzima ilipata mfano wa jambo hili kwa Bibi Serena Williams, mcheza tenisi mashuhuri. Alijifungua kwa upasuaji Septemba mwaka 2017. Siku iliyofuata alianza kukosa pumzi. Kwa kuwa aliwahi kupatwa na damu kuganda mapafuni mwaka 2011, aliujua ugonjwa wake na akaitaja dawa yake. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba muuguzi alidhani ni dawa za maumivu zilizomchanganya akili. Ilimbidi ashikilie neno lake mpaka alipopigwa picha ya mapafu, na damu iliyoganda ikaonekana. Ikiwa mwanamke mwenye mali na jina kama lake alilazimika kubishana ili asikilizwe, tujiulize yale yanayomkuta mfagiaji wa barabara au mwuza duka ambaye hakuna anayemjua.

Jibu la pili linalotolewa ni la damu: kwamba mwili wa mtu mweusi una kasoro aliyozaliwa nayo. Jibu hili hutuhusu sisi wa Afrika moja kwa moja, na kwa bahati limejibiwa kwa ushahidi unaotuhusu. Mwaka 1997 madaktari Richard David na James Collins walitangaza uchunguzi wao wa uzito wa watoto waliozaliwa katika jimbo la Illinois. Watoto wa akina mama Weupe waliozaliwa Marekani walikuwa na uzito wa wastani wa gramu 3,446. Watoto wa akina mama Weusi waliozaliwa Marekani walikuwa na gramu 3,089. Na watoto wa akina mama waliozaliwa Afrika na kuhamia huko walikuwa na gramu 3,333, yaani karibu zaidi na Weupe kuliko Weusi wenzao. Kama kasoro ingekuwa katika damu, wana wa Afrika wangekuwa ndio wadogo kuliko wote.

Mtu aweza kusema kwamba wanaohama ni wale wenye afya na elimu, na kwamba hiyo ndiyo siri. Mwaka 2002 madaktari hao, pamoja na mwenzao mmoja, walikitazama kizazi kilichofuata. Kwa wahamiaji Weupe kutoka Ulaya, wajukuu walizaliwa na uzito mkubwa kuliko ule waliozaliwa nao mama zao. Kwa wahamiaji Weusi, wajukuu walizaliwa na uzito mdogo kuliko mama zao. Yaani kuzaliwa na kukulia Marekani kulimwongezea mmoja na kumpunguzia mwingine. Damu haikubadilika katika kizazi kimoja. Kilichobadilika ni maisha.

Mtaalamu mmoja, Bibi Arline Geronimus, alilieleza jambo hili mwaka 1992 kwa mfano wa kuchakaa. Nyumba inayopigwa na jua na mvua kila siku huchakaa kabla ya wakati wake, hata kama ilijengwa kwa miti migumu. Ndivyo ulivyo mwili wa mtu anayeishi katika kudharauliwa, kushukiwa na kuwa macho kila saa. Moyo humwenda mbio, damu hupanda, usingizi humpungua; na mambo hayo yakirudiwa kwa miaka, huacha alama mwilini. Mwanamke huyo akishika mimba, huingia nayo akiwa na mzigo ambao mwenzake hana. Shinikizo la damu humwandama, kifafa cha mimba humnyemelea, na mtoto huja kabla ya siku zake.

Kisha mwili huo uliochakaa hufika hospitali, na huko hukuta masikio yasiyosikia. Mwaka 2016 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Virginia walitangaza matokeo ya maswali waliyowauliza wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana Weupe. Karibu nusu yao waliamini angalau jambo moja la uongo kuhusu mwili wa mtu mweusi, kama vile kwamba ngozi yake ni nene kuliko ya Mweupe. Na wale walioamini mambo hayo waliyakadiria maumivu ya mgonjwa Mweusi kuwa madogo, na dawa walizopendekeza hazikuwa sahihi kama inavyopasa.

Imani za namna hii hazikuota jana. Huko Montgomery, katika jimbo la Alabama, kati ya miaka ya 1845 na 1849, daktari J. Marion Sims aliwapasua mara nyingi wanawake watumwa, bila ya dawa ya kuwaondolea maumivu, ili ajifunze kuitibu fistula. Majina matatu tu yametufikia: Anarcha, Betsey na Lucy. Kwa kazi hiyo aliitwa baba wa elimu ya magonjwa ya wanawake, na sanamu yake ilisimama katika mji wa New York mpaka ilipoondolewa katika bustani ya Central Park Aprili mwaka 2018. Sanamu imeondoka, dhana ya kwamba mwanamke mweusi haumwi kama wengine bado haijaondoka.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba Weusi wa Marekani hawakukosa watu wa kuwahudumia. Katika majimbo ya kusini walikuwako wakunga wao, wanawake wazima walioheshimiwa, waliorithi kazi kutoka kwa mama na bibi zao. Waliwazalisha Weusi, na Weupe wengi pia. Baada ya sheria ya mwaka 1921 iliyotoa fedha kwa afya ya mama na mtoto, wakunga hao walianza kuandikishwa, kufundishwa na kukaguliwa. Hilo lilikuwa na faida yake. Mwaka 1953 jimbo la Georgia lilitengeneza hata filamu ya kufundishia, iliyoonyesha kazi ya mkunga mmoja hodari, Bibi Mary Coley. Lakini leseni ziliendelea kupunguzwa mwaka hata mwaka mpaka kazi yenyewe ikafa. Akina mama wakaambiwa waende hospitali, na hospitali nyingi za kusini wakati huo ziliwakataa au ziliwalaza katika vyumba vya peke yao. Mkunga aliondolewa kabla ya mlango wa daktari kufunguliwa.

Katika pengo hilo ndipo anapoonekana leo mtu aitwaye doula. Neno ni la Kigiriki, nalo lilitumiwa kwa maana hii na Bibi Dana Raphael katika kitabu chake cha mwaka 1973. Doula si mkunga wala muuguzi. Hapimi mimba, hatoi dawa, hazalishi. Kazi yake ni kuwa pamoja na mama: humtembelea kabla ya siku zake, humweleza yatakayotokea, hukaa naye tangu uchungu uanzapo mpaka mtoto azaliwe, humkanda mgongo, humpa maji, humtia moyo, na baadaye humwangalia nyumbani. Msomaji wa pwani yetu hatahitaji maelezo marefu. Ni kazi inayofanana na ile ya somo, ya shangazi na ya bibi, wale wanaokaa na mzazi mpaka atoke arobaini. Tofauti ni kwamba doula amesomea kazi hiyo, na huifanya kwa mtu asiye ndugu yake.

Wengine watacheka, waulize: kumshika mtu mkono kwaweza kuokoa nini? Majibu yapo. Madaktari Marshall Klaus na John Kennell na wenzao walifanya uchunguzi katika hospitali moja ya Guatemala, wakautangaza mwaka 1980. Akina mama waliokaa na mwanamke wa kuwatuliza walijifungua upesi zaidi kuliko wale walioachwa peke yao. Mwaka 1991 walitangaza matokeo ya uchunguzi wao wa akina mama huko Houston. Katika wale walioachwa bila ya mwenzi, 18 kati ya 100 walipasuliwa. Katika wale waliokuwa na doula, walipasuliwa 8 tu. Na mwaka 2017 yalikusanywa matokeo ya majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye akina mama zaidi ya 15,000. Ilionekana kwamba mama anayesindikizwa mfululizo hupasuliwa kwa uchache zaidi, uchungu wake hupungua urefu, mtoto wake huzaliwa na nguvu zaidi, na yeye mwenyewe huikumbuka siku ile bila ya chuki.

Kwa mwanamke aliyezoea kudharauliwa, doula ana faida nyingine. Yeye ni shahidi. Mama akisema kichwa kinamwuma na macho yanamwona kiza, yupo mtu wa pili wa kusema: msikilizeni. Daktari ajuaye kwamba anatazamwa hujibu kwa adabu zaidi. Na kwa kuwa zaidi ya nusu ya vifo vya uzazi Marekani hutokea kati ya siku ya saba baada ya kujifungua na mwisho wa mwaka wa kwanza, mtu wa kupiga hodi nyumbani na kuuliza hali aweza kuiona dalili ambayo hospitali haitaiona.

Wanawake Weusi wa Marekani wameielewa maana hii na kuanzisha vyama vyao wenyewe. Kimoja kilichoko mji wa Washington, kilichoanzishwa mwaka 2013, kimejiita Mamatoto Village. Jina hilo wamelitoa katika lugha yetu. Si jambo dogo kwamba watu waliochukuliwa Afrika kwa minyororo, walipotafuta neno la kumweleza mama na mtoto wake kuwa kitu kimoja, wamelitafuta katika Kiswahili.

Serikali za majimbo nazo zimeanza kuzinduka. Oregon na Minnesota zilitangulia kuwalipa madoula kwa fedha za Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo. California ilifuata Januari mwaka 2023, na mengine mengi yamefuata. Uchunguzi mmoja wa mwaka 2013 uliwaangalia akina mama wa Medicaid waliohudumiwa na madoula huko Minnesota, ukaona kwamba 22.3 kati ya 100 walipasuliwa, wakati hesabu ya akina mama wa Medicaid katika nchi nzima ilikuwa 31.5. Kwa hiyo hata mweka hazina anayejali fedha tu ana sababu ya kukubali.

Lakini hapa ndipo tunapotaka kutoa onyo. Doula asigeuzwe kuwa kitambaa cha kufunikia kidonda kisichosafishwa. Hospitali inayoajiri wauguzi wachache, isiyowasikiliza wagonjwa, kisha ikajisifu kwamba imeruhusu doula aingie, imelihamisha jukumu lake kutoka mabega yake mapana mpaka mabega ya mwanamke mmoja anayelipwa kidogo. Mama akitokwa na damu nyingi, mkono wa kumshika hautoshi. Anahitaji damu, dawa na daktari. Na Machi mwaka 2020, Korona ilipoingia, baadhi ya hospitali za mji wa New York zilikataza mama asiingie na mtu ye yote, mpaka gavana alipotoa amri. Haki inayotegemea hisani ya mlinzi wa mlango bado haijawa haki.

Basi lifanyike nini? Historia ya Marekani yenyewe inayo majibu. Hospitali za kusini hazikufungua milango yao kwa Weusi kwa sababu zilitubu. Zilifungua kwa wingi mwaka 1966, serikali ilipoanzisha bima ya wazee iitwayo Medicare na kutangaza kwamba hospitali inayobagua, kinyume cha sheria ya mwaka 1964, haitapata hata senti moja. Kilichoshindikana kwa miaka mingi ya mahubiri kilifanyika katika miezi michache ya masharti. Leo Medicaid hulipia karibu uzazi 4 katika kila 10 nchini humo, na zaidi ya nusu ya uzazi wa akina mama Weusi. Mwenye kulipa ana haki ya kudai. Na adai kwamba vifo vihesabiwe kwa rangi na kutangazwa kwa kila hospitali, kwamba doula asizuiwe mlangoni, na kwamba alipwe ujira wa kumwezesha kuishi.

Badala yake twaona mambo yakivutwa kulia na kushoto. Sheria ya mwaka 2021 iliziruhusu serikali za majimbo kumlinda mzazi kwa bima kwa miezi kumi na miwili badala ya siku 60, na karibu majimbo yote yamekubali. Lakini sheria iliyotiwa sahihi Julai mwaka 2025 imepunguza sana fedha za Medicaid kwa miaka ijayo. Huwezi kumpa mama doula kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya bima kwa mkono wa kushoto, kisha ukasema unamjali.

Kabla ya kuweka kalamu chini, tujitazame nasi. Nyani haoni kundule. Tanzania imepiga hatua ya kusifiwa: kwa hesabu za uchunguzi wa taifa, vifo vya akina mama vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika uchunguzi wa mwaka 2015/16 mpaka 104 katika ule wa mwaka 2022. Lakini uchunguzi uliofanywa katika wilaya za Korogwe na Muheza na kutangazwa mwaka 2014 uliona kwamba akina mama 19 katika kila 100 walieleza, walipohojiwa wakitoka kujifungua, kwamba walitendewa vibaya au kudharauliwa. Walipofuatwa baadaye makwao, mbali na masikio ya wauguzi, walikuwa 28. Huko hakukuwa na rangi ya kubagua. Palitosha umaskini, ujana au kukosa mtu wa kuwasemea. Ubaguzi ni nguo inayobadilishwa rangi kufuata nchi.

Nasi pia tumekwisha kujaribu dawa. Mkoani Kigoma, kuanzia mwaka 2016, baadhi ya vituo vya afya viliwaruhusu akina mama kuwa na mwenzi waliyemchagua wakati wa uchungu. Shirika la Afya Duniani limekwisha kupendekeza mwaka 2018 kwamba kila mama apewe nafasi hiyo. Hapa hatuhitaji neno la Kigiriki. Tunahitaji pazia kati ya kitanda na kitanda, ili dada, shangazi au mkwe aweze kukaa bila ya kumwondolea jirani stara. Na tunahitaji mganga mkuu mwenye kuamini kwamba ndugu wa mgonjwa si msumbufu bali ni msaidizi. Mambo hayo hayasubiri mkopo wa benki ya nje.

Wazee walisema, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hilo ni kweli kwa uchungu wa mwili. Uchungu wa kutosikilizwa, walakini, si lazima mtu auzae ili aujue. Kila aliyewahi kusimama mbele ya meza ya ofisi na kutazamwa kana kwamba hayupo, anaujua. Mama Mweusi wa Mississippi na mama maskini wa kijijini kwetu wanadai jambo moja: kwamba wanaposema wanaumwa, waaminiwe. Serikali, hospitali au muuguzi anayeshindwa kutoa hilo, ambalo halinunuliwi kwa fedha, hana udhuru wa kuwaambia watu kwamba kilichomshinda ni ukosefu wa fedha.